Watu wa mshahara wa Zebedayo

Maswali ya wasomaji

Safari hii barua nyingi zimegusa jambo moja: wale waliopewa kuliongoza Kanisa mwanzoni kabisa walikuwa watu wa namna gani? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwenye barua anasubiriwa atoe jibu kanisani kwake.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia ya msingi. Ushirika wetu umenipendekeza niwe mzee wa kanisa. Shemeji yangu, ambaye ni msomi, ameniambia nisijidanganye, uongozi ni wa waliosoma. Nilipomtajia mitume akasema wale walikuwa mafukara wasiojua kitu, ulikuwa muujiza wa mara moja na haurudiwi. Mchungaji ameniambia nisiogope, Mungu hupenda kuwatumia wajinga. Najua alitaka kunipa moyo, lakini neno lile limenikaa kooni. Je, ni kweli wale Kumi na Wawili walikuwa hawajui kitu? Nikubali au nikatae? — Fundi*

Marahaba, Fundi. Shemeji yako na mchungaji wako wanavutana, lakini kuna jambo wamekubaliana bila kujua. Wote wawili wanamwona mtu wa kawaida kuwa ni mtu mtupu. Injili hazisemi hivyo, na mimi huumia kila nikisikia wavuvi wale wakidhalilishwa mimbarani ili muujiza uonekane mkubwa zaidi.

Fungua Marko sura ya kwanza. Yakobo na Yohana wanaitwa, nao wanamwacha baba yao Zebedayo chomboni "pamoja na watu wa mshahara." Maneno hayo huwa tunayapita mbio. Zebedayo alikuwa ameajiri watu. Luka naye anasema wana wa Zebedayo walikuwa washirika wa Simoni, ndiye Petro, kwa hiyo ilikuwa kazi ya ubia, ya vyombo zaidi ya kimoja na familia zaidi ya moja. Simoni alikuwa na nyumba Kapernaumu alimokaa na nduguye Andrea na mama mkwe wake. Hao si ombaomba. Si matajiri vilevile. Ni watu ambao wakikosa samaki siku kadhaa mfululizo, nyumba nzima inajua.

Mwaka 1986, ukame ulipolishusha ziwa la Galilaya, ndugu wawili wavuvi waliona umbo la chombo limelala kwenye tope karibu na Ginosar, upande ule ule wa ziwa iliko Kapernaumu. Kilikuwa chombo cha nyakati zile za karne ya kwanza, urefu kama mita 8, upana mita 2 na ziada. Hakuna anayejua kilikuwa cha nani, na wala haifai kukipachika jina la Petro. Mimi kinanigusa kwa sababu ya mbao zake. Nyingi ni mwerezi, mataruma ni ya mwaloni, kisha kuna viraka vya miti ya kila namna, zaidi ya aina kumi kwa jumla, na baadhi ya vipande vilikwishatumika kwenye vyombo vingine kabla ya hapo. Mwenye chombo alikitengeneza, akakitengeneza tena, kwa mti wowote aliouweza. Mwishowe kikavuliwa vipande vilivyofaa na ganda likaachwa lizame. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu asiyejua kitu. Inafanywa na mtu ambaye fedha zake ni chache na ujuzi wake ni mwingi.

Sasa fikiri kazi yenyewe. Ziwa lile lina urefu wa kilomita 21 hivi na upana wa 13 hivi, liko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na vilima, na upepo hushuka juu yake bila kuaga. Unavua usiku. Asubuhi unaosha nyavu hata kama hukupata kitu, kwa maana wavu usiooshwa huoza. Kuna watu wa kuwalipa, washirika wa kugawana nao, na ushuru wa Herode Antipa ambaye ndiye aliyetawala Galilaya wakati huo. Mtu aliyekulia humo anajua kuamrisha watu chombo kikiwa kinajaa maji, anajua kugawa bila kudhulumu, na anajua kuamka tena kesho yake baada ya usiku wa bure. Kanisa la Yerusalemu lilipoanza kugawa chakula kwa wajane, nadhani ujuzi huo ulifaa kuliko ufasaha.

Mbona basi baraza la Yerusalemu, katika Matendo sura ya nne, liliwaona Petro na Yohana kuwa "watu wasio na elimu"? Angalia ni nani anayesema. Ni makuhani wakuu, wazee na waandishi, watu waliokuwa wameshika hekalu na mafundisho yake. Kwao elimu ilikuwa kukaa miguuni pa mwalimu anayejulikana, kama Paulo alivyokaa miguuni pa Gamalieli. Tena hawa wawili walikuwa Wagalilaya. Petro alishawahi kutambuliwa uani kwa kuhani mkuu kwa usemi wake tu, na Nikodemo, mmoja wa wakuu wao, aliambiwa na wenzake kwamba Galilaya hakutokei nabii. Kwa hiyo baraza lilikuwa sahihi kwa kipimo chake: hawa hawakupita shule yetu. Lakini aya hiyo hiyo inamalizia kwa kusema waliwatambua kwamba walikuwa pamoja na Yesu. Ndiyo shule waliyopita. Marko anaeleza kwamba aliwaweka kumi na wawili "wapate kuwa pamoja naye" kwanza, ndipo awatume. Walitembea naye, walikula naye, waliuliza maswali ya aibu faraghani, walikemewa, wakaenda wawili wawili kujaribu na kurudi kutoa taarifa. Anayesema hawakufundishwa amesahau Injili nzima inahusu nini.

Hata hivyo sitaki uwaone kama mashujaa. Petro alimkana Yesu. Miaka baadaye, akiwa tayari nguzo ya Kanisa, aliacha kula na watu wa Mataifa pale Antiokia kwa kuwaogopa waliotoka Yerusalemu, na Paulo akampinga mbele ya watu wote. Mathayo alitoka kwenye meza ya ushuru, kazi iliyochukiwa na kila mwenye kulipa, na huenda wavuvi wale wale wa Kapernaumu walishasimama mbele ya meza hiyo. Katika orodha hiyo hiyo yumo Simoni aliyeitwa Zelote, yaani mwenye bidii kwa taifa lake. Namna walivyoweza kula pamoja, Injili hazituambii.

Na kwa kuwa wewe ni mshonaji, nikupeleke Korintho na Efeso. Akila na mkewe Prisila walikuwa mafundi wa kushona mahema. Walifika Korintho baada ya Kaisari Klaudio kuwafukuza Wayahudi Roma, jambo linalowekwa kwa kawaida mwaka 49. Paulo alikaa kwao na kufanya kazi nao kwa sababu ufundi wao ulikuwa mmoja. Baadaye wakiwa Efeso alikuja Apolo, mtu wa Aleksandria, msemaji hodari, mwenye uwezo katika Maandiko. Alikuwa msomi kweli, wa aina ya shemeji yako. Akaanza kunena sinagogini, na mafundi wale wakasikia kwamba kuna jambo hajalipata vizuri: alijua ubatizo wa Yohana Mbatizaji tu. Hawakusimama kumrekebisha mbele ya watu. "Wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi." Huoni pale kwamba Apolo alitakiwa aache usomi wake. Alikwenda Akaya akawafaa sana walioamini. Mshonaji alimfundisha msomi, msomi akakubali, kazi ikasonga. Umwonyeshe shemeji yako sura hiyo ya 18 ya Matendo, kwa upole.

Kuna kisa kingine ambacho hakimo katika Biblia, lakini Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya nne, alikihifadhi kutoka kwa mwandishi wa kale zaidi, Hegesippus. Kaisari Domitian, aliyetawala kuanzia mwaka 81 hadi 96, aliletewa wajukuu wa Yuda, nduguye Bwana. Walishtakiwa kuwa ni wa ukoo wa Daudi, na Kaisari aliogopa wenye kudai ufalme. Akawauliza wana mali kiasi gani. Wakajibu wote wawili kwa pamoja wana dinari 9,000, nusu kwa nusu, na si fedha taslimu bali thamani ya kishamba wanachokilima wenyewe, wakilipia kodi humo na kula humo. Kisha wakamwonyesha mikono yao. Viganja vilikuwa na sugu za jembe. Domitian akawadharau kama watu wasio na maana, akawaachia. Eusebius anaendelea kusema kwamba walipoachiwa waliyaongoza makanisa, na wakaishi hadi wakati wa Kaisari Trajan. Sugu zile ziliwaokoa mbele ya Kaisari, na hazikuwazuia kuongoza.

Sasa swali lako, ukubali au ukatae. Walipotafutwa wale saba wa Matendo sura ya sita, sharti la kwanza halikuwa shule. Ilikuwa wawe "walioshuhudiwa kuwa wema," kisha wajae Roho na hekima. Ushuhuda hutoka kwa wanaokujua: wateja wako, majirani, waliokukopesha na uliowakopesha. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unataka askofu ashuhudiwe mema hata na watu walio nje ya Kanisa. Kama ushirika umekupendekeza kwa sababu hiyo, kubali. Ila siku hiyo hiyo umwambie mchungaji kwamba unataka kufundishwa, tena kwa mpango, usiridhike na kuitwa mjinga anayependwa na Mungu. Muombe awe na saa ya kusoma Maandiko na wazee wapya. Akisema hakuna anayefanya hivyo, sisitiza.

*Mwalimu, kila mkisema viongozi wa kwanza nasikia majina ya wanaume. Bibi zetu wa imani walikuwa wapi? — Mama wa kwaya*

Mama, walikuwepo, na majina yao yameandikwa mahali ambapo wasomaji huchoka: katika salamu za mwisho wa nyaraka. Warumi 16 inaanza na Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, bandari ya Korintho. Paulo anaagiza apokelewe vizuri na kusaidiwa kwa lolote atakalohitaji, kwa kuwa yeye amewasaidia wengi pamoja na Paulo mwenyewe. Wataalamu wengi wanaamini ndiye aliyeubeba waraka ule hadi Roma. Anamfuata Prisila, ambaye hapo jina lake linatangulia la mumewe. Huko Filipi, Lidia mwuza rangi ya zambarau alifungua nyumba yake, na Paulo na Sila walipotoka gerezani walikwenda kwake kuonana na ndugu.

Ila ushahidi ninaotamani kila mtu aujue umetoka kwa mtu asiyewapenda Wakristo hata kidogo. Mnamo mwaka 112, Pliny, liwali wa Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trajan kuomba ushauri. Alikuwa ameletewa washitakiwa wengi wanaoitwa Wakristo, wa kila umri na kila cheo, wa mijini na vijijini. Waliomkana Kristo walimweleza kwamba kosa lao lilikuwa kukutana alfajiri siku maalumu, kumwimbia Kristo kama mungu, na kuapa kwamba hawataiba, hawatazini, hawatavunja ahadi. Pliny hakuridhika. Alitaka kupata ukweli kutoka kwa watu wa ndani. Akaamuru wajakazi wawili, ambao kundi lao liliwaita wahudumu, wateswe.

Hebu tulia hapo kidogo, Mama. Hawa ni watumwa, kisheria ni mali ya mtu. Nje ya kundi lao hakuna aliyewapa heshima yoyote. Ndani ya kundi lao walikuwa na wadhifa unaojulikana, kiasi kwamba liwali alipotaka kujua siri za Wakristo aliwafuata wao. Na baada ya mateso alipata nini? Anaandika mwenyewe kwamba hakukuta kitu zaidi ya ushirikina uliopotoka na uliopita kiasi. Maana yake hawakumpa uovu wowote wa kuripoti. Majina yao hakuyaandika, jambo ambalo mimi bado linanichoma.

*Kama Petro hakusoma, nyaraka mbili zenye jina lake aliandika nani? Mwenzangu chuoni anasema ni uongo mtupu. — Mwanafunzi*

Mwanangu, tenganisha mambo mawili: kutunga ujumbe na kushika kalamu. Zama zile hata waliojua kuandika vizuri walimwachia karani. Paulo alikuwa msomi, na bado Waraka kwa Warumi una sauti ya mtu mwingine inayochomoza ghafla: "Mimi Tertio, niliyeandika waraka huu, nawasalimu katika Bwana." Kwa Wagalatia anachukua kalamu mwishoni na kuwaambia waone herufi kubwa za mkono wake mwenyewe. Waraka wa kwanza wa Petro unasema wazi kwamba umeandikwa kwa mkono wa Silwano, na Papias, askofu wa mwanzoni mwa karne ya pili, alieleza kwamba Marko alikuwa mkalimani wa Petro. Mvuvi mwenye ujumbe alikuwa na watu wa kumwandikia.

Mwenzako ana hoja kwa upande mmoja. Waraka wa pili wa Petro ulijadiliwa sana tangu kale, na Eusebius aliuweka katika kundi la vitabu visivyokubaliwa na wote. Wataalamu wengi leo wanauona kuwa ni wa baadaye. Hilo halikufichwa na Kanisa, lilijadiliwa waziwazi karne na karne, na kuliita uongo mtupu ni kukimbilia hukumu.

Usidhani pia kwamba uongozi wote ulikuwa wa wasioandika. Mathayo wa ushuru hakuweza kufanya kazi bila hesabu na kumbukumbu. Antiokia, katika Matendo 13, manabii na waalimu waliotajwa ni watano: Barnaba, Mlawi wa Kipro aliyekuwa ameuza shamba lake, Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio wa Kirene, mji wa Afrika ya kaskazini, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode Antipa, na Sauli, ndiye Paulo. Aliyekulia ikulu alifunga na kuomba pamoja na mshona mahema. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba "si wengi wenye nguvu, si wengi wenye cheo walioitwa." Si wengi, lakini walikuwapo. Celsus, mpinzani wa karne ya pili, aliwacheka mitume kuwa ni watoza ushuru na mabaharia wa hovyo. Origen, mwalimu wa Kanisa, alimjibu mnamo mwaka 248, na hakujaribu kuwapandisha cheo. Alisema kama wangekuwa mabingwa wa hotuba, watu wangedhani wameshawishiwa na ufundi wa maneno, kama ilivyo kwa wenye falsafa.

*Kwa nini Mathiya alichaguliwa kwa kura, kama mchezo wa bahati? Na baadaye alifanya nini? — Msomaji wa siku nyingi*

Kura ilikuja mwisho. Kwanza Petro alitaja sharti mbele ya watu wapatao 120: awe ameandamana nao tangu ubatizo wa Yohana hadi Bwana alipochukuliwa, ili awe shahidi wa ufufuo. Wakapatikana wawili waliotimiza, Yusufu Barsaba na Mathiya. Wakaomba, ndipo wakapiga kura. Watu wale hawakuiona kama bahati nasibu. Zakaria babaye Yohana aliingia hekaluni kufukiza uvumba kwa zamu iliyotolewa kwa kura. Baada ya Pentekoste, Matendo hayataji tena kiongozi aliyepatikana hivyo.

Mathiya mwenyewe hatajwi tena, wala wengi wa wale Kumi na Wawili. Yakobo wa Zebedayo aliuawa kwa upanga na Herode Agripa, mnamo mwaka 44, na hakuna kura iliyopigwa kumpata wa kuijaza nafasi yake. Kufikia hapo Yerusalemu walikuwapo wazee, na mkubwa wao alikuwa Yakobo mwingine, nduguye Bwana. Huyu hakuwa mmoja wa Kumi na Wawili, na Injili ya Yohana inasema ndugu zake Yesu hawakumwamini hapo mwanzo. Aliongoza hadi mwaka 62, alipopigwa mawe kwa amri ya kuhani mkuu Anano. Josephus, Myahudi asiyekuwa Mkristo, anaandika kwamba wenye bidii ya sheria mjini walichukizwa na tendo hilo, wakapeleka malalamiko kwa mfalme Agripa wa Pili na kwa liwali mpya wa Kirumi, Albinus. Anano akavuliwa ukuhani mkuu, akiwa ameukalia miezi mitatu tu.